Dawa ya Kupukutisha Matufaha

Vijana wa kitengo cha matunda, siku mliyoniaga mlisimama mmoja mmoja mkanisifia ujasiri. Mmoja wenu akasema, "Mama huyu hakuwahi kuogopa dawa." Nilikaa pale na soda yangu mkononi nikijizuia kucheka, maana sikumbuki siku hata moja niliyofungua kopo la dawa ya kupulizia bila kuogopa. Nimestaafu nikiwa na macho yanayoona na kifua kinachopumua kwa sababu nilikuwa mwoga. Baadhi ya majasiri niliofanya nao kazi siwezi kuwauliza tena wanaendeleaje.

Basi nawaandikieni habari za woga wangu. Vyeo naviacha, vilichelewa vyote. Na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika kituo chetu cha utafiti nikiwa msichana mwenye cheti kipya na chumba cha kupanga Makole, hapa Dodoma mjini. Nikakabidhiwa kwa Mzee Ndahani, Mgogo wa hapa hapa, fundi wa kupulizia. Alinikuta nimesimama mlangoni mwa stoo, akanisalimia, "Mbukwa." Sikujua hiyo hujibiwaje, nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Unaogopa dawa wewe?"

"Siogopi, mzee."

"Basi nenda nyumbani. Kesho uje unaogopa."

Nilidhani ni utani. Akafunga stoo akaondoka zake. Kesho yake nilikuja nikasema naogopa, ndipo akanipa buti. Akanifundisha suruali ivaliwe juu ya buti, isichomekwe ndani, ili tone likidondoka literemke nje. Akanifundisha kurusha majivu kidogo hewani kabla ya kubeba bomba, nione upepo unaelekea wapi. Bomba likiziba pale kwenye tundu, usilipulize kwa mdomo hata kama bwana mkubwa yuko anatazama saa. Tafuta unyasi ulichokonoe. Na mikono inawe kabla ya kwenda haja, si baada tu. "Baada ni ustaarabu," alisema, "kabla ni uhai." Wanaume wa kituoni walilikumbuka hilo kuliko mafunzo yote ya semina.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa ya zabibu, na zabibu za Dodoma mnazijua kuliko ninavyoweza kuandika. Woga niliokusudia kuwasimulia ulitoka kwenye matufaha. Najua mtacheka, matufaha na Dodoma wapi na wapi. Lakini kule Kondoa, kwenye miinuko ya juu ya Busi, kuna mahali asubuhi unavaa sweta mpaka jua lipande, na mwalimu mkuu mmoja aliyekwisha fariki alikuwa ameotesha mitufaha nyuma ya nyumba yake. Wengi tuliita epo, na nitaendelea kuita hivyo nikichoka.

Epo za yule mwalimu zilikuwa ndogo, kali kidogo, na kwa miaka mingi mkewe Bi. Mwanaidi aliziuza bila shida kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kisha likaja soko huria. Mipaka ikafunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vitu, na pale sokoni Majengo zikaanza kuonekana epo za kutoka nje, kubwa kama ngumi, zinang'aa, kila moja imebandikwa karatasi yake ndogo. Watu wa ofisini na wa bungeni wakazipenda. Wachuuzi waliokuwa wakipanda Busi wakaanza kumwambia Bi. Mwanaidi, "Mama, hizi zako siku hizi wanauliza kama ni mapera."

Tatizo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Mtufaha hauna kiasi. Ukichanua vizuri unabeba matunda kuliko unavyoweza kuyalisha, yote yanadumaa, na mwaka unaofuata mti umechoka, hauzai. Tiba yake ni kupunguza matunda yakiwa bado machanga. Mara ya kwanza tulimshauri Bi. Mwanaidi ayang'oe kwa mkono. Alitutazama kama tumemtukana.

"Mkono wangu ung'oe riziki niliyopewa? Nikija kuomba tena nitaomba kwa uso gani?"

Ndipo Bwana Kimaro, mtafiti wetu, kijana aliyekuwa amerudi masomoni ng'ambo, akaleta wazo la dawa ya kupukutisha. Ni dawa inayoiga kitu ambacho mti wenyewe hutengeneza mwilini mwake. Unaipulizia baada ya maua kudondoka, matunda yakiwa kama ncha ya kidole cha mwisho, na mti unaanza kuangusha baadhi yake wenyewe. Bi. Mwanaidi alilikubali hilo. Mti ukiamua kuangusha, alisema, ni shauri la mti na Mungu wake.

Lazima niseme pia kwamba miaka ile serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Kila mwezi wafadhili waliuliza kituo kinafanya nini cha maana. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunakwenda kupunguza matunda huku tukingoja barua za kupunguzwa wenyewe, na Bwana Kimaro alijua kwamba jaribio hili likiharibika hakuna jingine. Alikuwa na woga wake. Tofauti yetu ni kwamba yeye alivaa tai.

Tulikwenda Busi mwezi wa kumi, kwa barabara ya Kondoa ya enzi zile, ambayo kwa vumbi ilikuwa inakurudisha nyumbani rangi nyingine. Bwana Kimaro alitaka miti ipangiwe dawa kwa kura, mingine dawa nyepesi, mingine ya kati, mingine kali, mingine maji matupu ili tuwe na cha kulinganisha. Tulitia visoda vilivyochorwa ndani ya kofia yake, tukawa tunachomoa na kufunga kibati kwenye kila mti. Bi. Mwanaidi alitufuata nyuma, ametulia, mikono ndani ya kanga. Tulipofika kwenye mti ulio karibu kabisa na nyumba, unaotazamana na dirisha la chumba cha pembeni, kisoda kikatoka cha dawa kali.

"Huu hapana," akasema.

"Mama, hii ni kura," Bwana Kimaro akamwambia kwa upole. "Tukianza kuchagua, si jaribio tena."

"Nimewaachia ule wa Rajabu, na ule wa Hadija, na ule wa Idi, na ya wenzao wote. Huu ni wa Asha."

Hapo ndipo tulipojua, na tungejua mapema kama tungeuliza. Kila alipozaliwa mtoto, marehemu mwalimu alizika kitovu chake nyuma ya nyumba na juu yake akaotesha mtufaha. Shamba tulilolifunga vibati lilikuwa ni wanawe. Na Asha alikuwa ameolewa Babati na amerudi kwa mama yake kujifungua, kwa sababu mimba ya kwanza ilikuwa imetoka kabla ya wakati.

"Hiyo dawa inafanya nini hasa?" Bi. Mwanaidi akauliza. Alikuwa ameelezwa, lakini alitaka kusikia tena.

Bwana Kimaro, masikini, alijibu kama alivyofundishwa kujibu, kwa ukamilifu. "Inaufanya mti uangushe matunda yake machanga, mama."

Mimi nilitazama chini. Nilipoinua macho, Asha mwenyewe alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Mama, mti ni mti," akasema huku anacheka. "Waache wapulizie. Mimi nataka kuona epo kubwa."

Bi. Mwanaidi alimtazama binti yake, kisha akaingia ndani. Bwana Kimaro akachukulia kwamba amekubali. Mimi ndiye niliyefunga kile kibati.

Alfajiri nilirusha majivu, nikayarusha tena, nikayarusha mpaka dereva akaniuliza kama natambika. Nilimwomba Asha akashinde kwa jirani, upande upepo unakotoka, akaenda bila ubishi. Nikapulizia mti mmoja baada ya mwingine, na wake nikaumaliza nikiwa nimebana pumzi. Kipimo nilikipima kwa macho yangu mwenyewe na kilikuwa sawasawa na maelekezo. Lakini maelekezo yale yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa miti ya nchi za baridi. Tulipomaliza tu, joto la mwezi wa kumi likapanda mpaka kule mlimani, siku kwa siku, na majani ya mti wa Asha yakajikunja kingo. Jinsi jua linavyowaka ndivyo mti unavyoinywa ile dawa. Leo mnafundishwa hilo darasani. Mimi nilifundishwa na yale majani.

Bwana Kimaro alirudi Dodoma na gari, mimi nikaachwa Busi kufuatilia. Nilipewa godoro sebuleni kwa Bi. Mwanaidi, nikala ugali wa uwele na mlenda wao, nikawa mtu wa nyumbani. Matunda yakaanza kuanguka. Kwenye miti ya dawa nyepesi na ya kati yalianguka kama tulivyotaka, huku moja na kule moja. Kwenye mti wa Asha yalianguka kama mtu anayemwaga kunde. Ukikaa uani ulikuwa unayasikia kwenye majani makavu, tap, tap, na kila mmoja wetu alijifanya hasikii.

Asha aliacha kucheka. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na mkunga wa zahanati akamwamuru alale, asiinuke ovyo. Kitanda chake kilikuwa pale kwenye dirisha la pembeni, na dirisha lile lilikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama.

Elimu yangu iliniambia mti na mimba ya mtu havina uhusiano wowote. Nilijirudia hilo kila nilipokunja godoro. Lakini woga hauna cheti. Niliogopa kila Asha alipokohoa. Niliogopa alipochelewa kuamka na niliogopa alipowahi. Nilitamani yale matunda yarudi mtini hata kwa muujiza, nami ndiye niliyekuwa nimebeba bomba.

Asubuhi moja nilikwenda kuukagua mti ule nikakuta chini pamefagiliwa, safi kabisa, na juu kuna matunda. Si mengi, lakini yalikuwapo, hasa upande unaotazama nyumba. Nikashika tunda moja kulipima unene, likageuka mkononi mwangu. Lilikuwa limefungwa. Uzi mwembamba wa kushonea, wa kijani, umezungushwa kwenye kikonyo na kufungwa fundo kwenye tawi. Nikagusa la pili, la pili nalo lilikuwa hivyo hivyo. Upande mzima wa dirishani ulikuwa umefungwa kwa uzi, matunda yaliyochumwa kwenye miti ya kaka na dada zake Asha.

Yule mama aliyekataa kung'oa tunda hata moja kwa mkono wake.

Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu. Hakuona haya. "Yakinyauka nabadilisha," akaniambia kwa sauti ya chini. "Asipoangalia. Kabla hajaamka."

"Mama, na kama akijua?"

"Hajui. Anaona matunda, analala. Mwanangu, wewe umesoma. Niambie mtoto wake atatoka salama, nami niache kufunga."

Sikuweza kumwambia. Hiyo ndiyo kazi tuliyoichagua, vijana. Tunajua mambo mengi, na lile analokuuliza mtu hulijui. Nikamwambia nitamsaidia kuokota ya chini.

Tukaendelea hivyo, yeye anafunga, mimi nafagia. Kisha ikaja asubuhi ambayo Bi. Mwanaidi hakuamka. Nilimkuta amelala amegeukia ukuta, kichwa kinamzunguka. Presha yake, aliyoificha kama alivyoficha kila kitu, ilikuwa imepanda. Hakuniomba maji wala dawa. Alinyoosha kidole kwenye kikapu chake cha nyuzi, kisha akaelekeza nje.

Nilitoka mbio na uzi, nikachuma matunda kwenye miti mingine nikayatia kwenye upindo wa kanga. Pazia la Asha lilikuwa bado limeshushwa. Mikono yangu, iliyokwisha pima dawa ambazo kijiko kimoja kinaua ng'ombe, haikuweza kufunga fundo. Niliangusha la kwanza. La pili likakatika. Nilikuwa nafunga huku nasikiliza kitanda chake, na nikisikia kinalia tu, najibanza nyuma ya shina. Nikayafunga nilivyoweza, mengine matawi ya chini, mengine yamening'inia vibaya. Kisha ndipo nikaenda kumwita mkunga amwone Bi. Mwanaidi. Jioni aliweza kukaa, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama Asha alikuwa ameangalia nje.

Bwana Kimaro alirudi siku chache baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kabla hajafika mtini, lakini aliteremka garini akaenda moja kwa moja kwenye mti wa dawa kali, akashika tawi, akaona uzi. Mimi nilisimama pembeni yake nikamweleza yote kwa kunong'ona, Bi. Mwanaidi akitutazama kutoka jikoni, mwiko mkononi. Nilikuwa na hakika atakasirika. Alikuwa na haki. Jaribio lake la mwisho lilikuwa limetundikwa uzi wa kushonea.

"Kwenye ripoti tuandike nini?" akaniuliza polepole.

"Andika dawa imezidi kwa joto la huku. Ndiyo kweli yenyewe. Miti ya dawa ya kati iko salama."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatazama dirishani. Asha alikuwa ameegemea mto, anatuangalia. Bwana Kimaro akampungia mkono, akanyanyua sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini, akaanza kuhesabu matunda ya uzi kwa sauti kubwa, moja, mawili, matatu, akiyagusa kwa ncha ya kidole yasianguke. Alipomaliza upande ule akasema kwa nguvu, "Mti huu umeshika vizuri." Nimefanya kazi na wataalamu wengi. Sijaona tena kazi ya kitaalamu kama ile.

Uchungu ulimshika Asha alasiri ile ile, kabla ya wakati wake, na kama gari lisingekuwa uani sijui tungefanyaje. Tulimlaza nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mama yake ameshika miguu. Barabara ya kushuka Kondoa mjini ilikuwa ya mawe na mitaro, na dereva hakujua aende mbio au polepole, kwa sababu kila tulipomwambia moja tulimwambia na lingine. Bi. Mwanaidi alisoma dua njia nzima bila kunyanyua macho. Mimi ni Mlutheri, nilisema amina kila alipopumua. Asha hakulia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Hospitalini walimwingiza ndani tukabaki kwenye benchi. Nisiwachoshe na benchi lile. Nilichojua ni kwamba mlango ukifunguliwa nitajua kama nitaweza kubeba tena bomba mgongoni maishani mwangu.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, na alilia kabla hatujaambiwa chochote. Bi. Mwanaidi aliposikia kile kilio alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa kanga.

Tulirudi Busi wakati wa kuvuna, mvua za kwanza zimeshanyesha. Miti ya dawa ya kati ilikuwa na epo ambazo mchuuzi mmoja alizigeuza mkononi akitafuta zilipobandikwa karatasi. Mti wa Asha ulikuwa na matunda machache tu, yale yaliyokuwa yake kweli. Asha alikuwa ameketi mkekani uani, ananyonyesha, amenenepa. Mama yake alikwenda kuchota maji. Nikakaa naye nikampa pongezi, nikamsifia mtoto, na kwa kuwa sikujua la kusema nikausifia na mti.

"Dada," akasema bila kunitazama, "ule uzi ungekuwa wa kahawia, ungefanana na vikonyo."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Kutoka kitandani mtu anaona. Mama anadhani pazia likishuka na mimi nimelala." Akamhamisha mtoto titi la pili. "Sikusema, kwa sababu nilikuwa nautegemea. Kila asubuhi nachungulia kama amefunga. Nilijiambia, siku mama asiyofunga, ndiyo ameshajua mimi na mtoto hatutoki salama."

"Na ile siku niliyofunga mimi?"

"Ile siku nilikuona unakuja wewe, nikasema basi, imekwisha, mama amekata tamaa. Nikageukia ukuta nikaanza kuagana na huyu." Alimshika mtoto kisigino. "Halafu nikageuka tena, nikakuona umeangusha, umeokota, unafunga upya huku unalia. Nikasema, huyu wa serikali, si ndugu yetu, asingehangaika kufunga tena kwa mtu aliyekwisha kufa. Basi bado tupo."

Bi. Mwanaidi alikuwa anarudi na ndoo kichwani. Asha akaweka kidole mdomoni kunionya ninyamaze, akaanza kuuliza bei ya epo mjini.